Kamba za Kasiani

Jumatano, 1 Septemba 1971

Mwalimu Zuhura wa kisomo cha watu wazima ametuambia sisi tuliokwishajua kusoma tuandike kila siku, hata mstari mmoja, la sivyo herufi zitatutoroka. Haya. Leo kuna joto. Mikorosho imejaa maua. Nimelima shamba la ujamaa mpaka saa sita. Jina langu Jasinto. Basi.

Ijumaa, 3 Septemba

Zuhura amesoma ukurasa wangu akacheka mpaka akaketi. Anasema "basi" si maelezo, nieleze mimi ni nani na ninafanya nini hapa duniani. Msichana huyu ana umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, lakini akishika chaki anatuamuru sote, na ndevu zetu.

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Nilivuka mwaka wa sitini na tano Wareno walipochoma kijiji chetu, mimi na dada yangu Lucinda, tukiwa na sufuria moja na jogoo aliyefia njiani. Hapa kijijini, karibu na Kilambo, sina ukoo wala mkorosho ulioachwa na babu. Watu wananiheshimu kwa kazi moja tu: namfunga Kasiani.

Kasiani ni mume wa Lucinda, shemeji yangu, na ndiye mcheza milonjo anayejulikana kutoka hapa mpaka Newala. Milonjo ni miti miwili mirefu. Inafungwa kwenye nyayo na chini ya magoti, halafu mtu anacheza ngoma akiwa huko juu, kinyago usoni, suruali ndefu imeteremka kufunika miti yote. Anaona mbali. Miguu yake mwenyewe haioni. Akianguka anaanguka nayo, maana huwezi kuruka kutoka kwenye kitu kilichofungwa mwilini mwako. Ndiyo maana kila mchezaji ana mfungaji. Mimi nafunga, halafu natembea chini yake ngoma nzima nikiwa macho yake. Shimo kushoto. Mzizi. Mtoto anapita. Na kamba ikilegea napiga kelele moja tu, "Egemea!", naye papo hapo anajitupa kwenye paa au mti au mabega ya wapiga ngoma, hata awe katikati ya kuruka. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Na yapo masharti yetu. Wakati wa kufungwa, mchezaji anatazama mbele. Hatazami kamba, hagusi fundo. Akitazama, amemwambia mfungaji wake kwa macho kwamba hamwamini, na mfungaji anaacha kamba pale pale anakwenda zake. Miaka sita nimemfunga Kasiani, na miaka sita ametazama mbele. Sasa Zuhura asiseme sikueleza.

Jumatatu, 6 Septemba

Palizi. Mgongo.

Jumamosi, 11 Septemba

Landrova ya serikali imekuja na vumbi lake. Ndani alikuwamo Ndugu Ismaili, bwana utamaduni kutoka Mtwara, soksi nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Tumeitwa ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Selemani. Ismaili anasema tarehe tisa Desemba Uhuru unatimiza miaka kumi, mkoa mzima utakuwa uwanjani Mtwara, na milonjo yetu imechaguliwa. Watakaopendeza watapelekwa Dar es Salaam. Lakini ile ya futi sita, anasema, kila mtu ameshaiona. Anataka futi nane. Anataka Kasiani aruke kwa mguu mmoja mbele ya wageni. Halafu, hapo akasimama kabisa kutuonyesha kwa mikono, anataka apite juu ya Landrova, mti mmoja upande huu wa boneti na mwingine ule.

Mimi nikasema futi sita zinatosha mtu kuvunjika shingo. Mzee Selemani akacheka. Kasiani alikuwa ameegemea mlango akitazama ile gari nje, na nikamwona akipima upana wake. Akasema nane.

Jumapili, 19 Septemba

Miti tumeipata upande wa Madimba, imenyooka, haina fundo. Kamba nimetengeneza mwenyewe kwa magome ya myombo. Unaloweka siku tatu, unatwanga, unasokota yangali mabichi. Kamba ya magome ikilowa jasho inajikaza yenyewe, na ndiyo siri ya kazi hii nzima, ikiwa ni siri.

Leo amepanda ya nane mara ya kwanza. Nilimfunga akiwa ameketi juu ya kichanja cha mahindi, akitazama mbele kuelekea mtoni. Aliposimama, miti ilitetemeka na mimi nikatetemeka nayo. Hatua tatu akawa anayumba. Ya nne ikatulia. Halafu akaanza kucheka ndani ya kinyago, kile kicheko cha mtu ambaye hamchekei mtu.

"Shemeji," akasema, "naona ng'ambo."

Akanieleza: mchanga wa katikati ya mto, viboko wanne, matete, halafu ng'ambo mstari wa miembe, na moshi mahali, moshi wa kupikia, si wa kuchoma. Mimi chini naona migongo ya watu tu. Mama yetu amezikwa huko. Nilimwambia aangalie tena kama ile miembe ni mitano, akaangalia, akasema mitano. Nikashindwa kumwongoza hatua kadhaa kwa sababu ya machozi, akakanyaga kinu cha mtu.

Jumanne, 21 Septemba

Zuhura ameniuliza mbona mimi mwenyewe sipandi. Nilipanda mara moja, milonjo ya futi tatu ya kujifunzia. Nilitapika nikiwa huko huko juu. Nimemwambia asiyaandike hayo popote, akasema mwandishi ni mimi.

Jumamosi, 2 Oktoba

Korosho za kwanza zimeanguka. Kijiji kizima kimeinama. Hata hivyo saa kumi tumefanya mazoezi, safari hii ya mguu mmoja.

Sijui niieleze vipi. Anainua mti wa kulia mpaka goti linafika kifuani, anabaki na mmoja tu, halafu anaruka, mara tatu, nne, na kila anapotua ule mti unalia. Watu waliacha vikapu vya korosho wakaja. Hakuna aliyepiga vigelegele, walishika vinywa. Mara ya tano nikaona suruali inajikunja chini ya goti la kushoto. Hiyo ndiyo dalili. Watu wengine wanaona kitambaa, mimi naona kamba. Nikapiga kelele, "Egemea!", na Kasiani, bado yuko hewani, akajitupa upande wa paa la ghala akalishika. Makuti yakamwagika. Fundo lilikuwa limesogea kidole kimoja.

Nilipomfungua alikuwa amelowa na macho yanang'aa. Akaniambia pale juu, kabla hajatua, hakuna kitu chochote duniani kinachomdai. Nikamwambia mkewe anamdai ukuta wa jikoni. Tulicheka mpaka nyumbani.

Jumapili, 10 Oktoba

Ismaili amerudi. Ameleta nguo za rangi ya bendera, na kamba ya nailoni ya bandarini, ya buluu, nzuri ajabu, inateleza mkononi. Anasema kamba za magome ni za zamani na zitaonekana mbaya kwenye picha. Nikamweleza kwamba nailoni ikilowa haijikazi, inateleza. Akaniuliza nimesoma wapi habari za nailoni.

Kasiani aliishika, akaivuta, akaizungushia kwenye ngumi.  Nilitegemea anitetee.

Jumanne, 12 Oktoba

Korosho. Utomvu umenibabua vidole, kalamu inauma.

Alhamisi, 21 Oktoba

Ramadhani imeanza. Nusu ya kijiji wamefunga, na Mzee Selemani ametuomba tusipige ngoma mchana. Haki yake. Kwa hiyo tunafanya mazoezi bila ngoma, mimi napiga makofi polepole. Nilikuwa sijawahi kusikia miti yenyewe ikigusa ardhi. Ni sauti ndogo, mtu mzima na ngozi yake na mifupa yake, na chini inasikika tu "tu, tu, tu".

Jumatatu, 25 Oktoba

Kasiani hakuja mazoezini. Anasema alikuwa na homa. Lucinda anasema alikuwa dukani kwa Shabani.

Jumamosi, 30 Oktoba

Shabani ni mwuza duka la ushirika na mpwa wa Mzee Selemani. Si mtu mbaya. Anapima sukari kwa haki na anajua habari zote za redio. Lakini hajawahi kufunga hata mbuzi. Sasa kila nikimtafuta shemeji namkuta barazani kwake, na Shabani anamweleza habari za Dar es Salaam, taa za barabarani, watu watakavyopiga makofi. Leo Kasiani ameniita "Ndugu Jasinto". Ndugu! Nimemlisha huyu mtu ugali wa muhogo kwa mkono wangu akiwa juu ya miti.

Jumapili, 7 Novemba

Nimevunja kalamu moja, hii ni ya pili, nimeazima kwa Zuhura.

Leo asubuhi tulikuwa tujaribu mkokoteni badala ya Landrova. Watu walikuwa kwenye korosho, tulikuwa mimi, Kasiani, na Shabani aliyekuja kutazama. Kasiani akaketi kichanjani. Nikafunga nyayo. Nikapanda kwenye goti la kulia, nikafunga, nikahamia la kushoto. Nilikuwa nimeshika ncha ya kamba kwa meno, mikono yote miwili ina kazi, nikahisi kitu kimebadilika. Kivuli cha kichwa chake kilikuwa juu ya mikono yangu.

Nikainua uso. Alikuwa anatazama chini. Si kwa bahati mbaya, si kufukuza nzi. Alikuwa anatazama fundo langu, kwa makini, kama mtu anayekagua. Halafu akanyoosha kidole akalibonyeza.

Nikaachia kamba kutoka mdomoni. Nikamwuliza, "Unatafuta nini hapo, shemeji?"

Akasema, "Ni futi nane, Jasinto. Na ni mimi ninayekwenda juu."

Shabani alitazama pembeni. Nikashuka. Sikupiga kelele, sikutukana, nilifanya kama inavyotakiwa: nikaacha kamba pale pale nikaondoka. Nyuma yangu sikusikia mtu akiniita. Nilitembea mpaka mtoni nikaketi kwenye matope na nguo zangu safi za Jumapili.

Miaka sita. Nimeharibu macho kwa kutazama chini ya goti lake. Nimekosa matanga ya watu kwa sababu alikuwa na ngoma. Kila mtu kijijini hapa akinitaja anasema "Jasinto wa Kasiani", na mimi nilikuwa nafurahi, mjinga mimi. Nimeumia, naandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Nikimwambia yeyote kwamba mchezaji wangu ametazama kamba, ataniuliza ameona kasoro gani. Aibu ni ya anayetazamwa. Kwa hiyo sitamwambia mtu.

Jumatano, 10 Novemba

Nimekaa nyumbani nikisubiri aje. Hakuja.

Alhamisi, 11 Novemba

Hakuja.

Jumapili, 14 Novemba

Lucinda amekuja na boga. Anajifanya hajui chochote, kwa kuwa mwanamke hapaswi kuonyesha kwamba anajua aliye ndani ya kinyago ni nani, hata kama yeye ndiye anayemfulia suruali ya futi nane. Akasema tu mume wake siku hizi halali vizuri na hasemi jina langu. Nikamwuliza boga amelitoa wapi.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Mzee Selemani ametukaribisha wote pilau, Waislamu na sisi wa msalaba. Nimekula vizuri mpaka Shabani alipokaa karibu yangu. Ameshiba, ulimi umelegea. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mkono wake sasa umezoea, tangu Oktoba wanafanya mazoezi nyuma ya ghala mchana watu wakiwa wamelala kwa saumu, na nailoni haina shida yoyote.

Tangu Oktoba. Kumbe kule kutazama kwa tarehe saba hakukuwa kwa kuliogopa fundo langu. Alikuwa ameshaniacha, alitaka tu niondoke mwenyewe kwa miguu yangu, isiwe yeye amenifukuza. Na mimi nikaondoka kwa adabu zote, nikidhani ninamwadhibu. 

Jumatatu, 29 Novemba

Mawingu upande wa baharini siku tatu sasa. Hayanyeshi. Korosho zinaanikwa juani haraka haraka kila mtu akitazama juu. Nimemwona Kasiani kwa mbali, nyuma ya ghala, hakuna mwingine karibu. Anatazama mbele, Shabani anafunga. Anatazama mbele, jamani, kwa Shabani.

Jumatano, 8 Desemba

Wachezaji wameondoka na Landrova ya Ismaili. Shabani amekwenda nao, inasemwa anatunza nguo. Mimi nilijiambia siendi. Saa nane lori la korosho likapita, nikajikuta juu ya magunia. Kila mtu aliyeniona alisema, eh, Jasinto anamfuata mtu wake. Sikuwasahihisha. Nimefikia kwa Wamakonde wenzangu hapa Mtwara. Wenyeji wanatembea Shangani kupunga upepo, nimekwenda nao nikatazama bahari bila kuiona.

Alhamisi, 9 Desemba

Mvua ilinyesha alfajiri, ya kwanza ya msimu, fupi na nzito. Kufika saa tatu jua linawaka na uwanja unatoa mvuke.

Nilisimama mbele kabisa, kwenye kamba ya kuzuia watu, hatua kumi kutoka kwenye Landrova. Kulikuwa na halaiki, kwaya, gwaride la wanamgambo. Halafu ngoma zetu zikaingia, na nyuma yake, kutoka nyuma ya jukwaa alikofungwa, Kasiani. Shabani alibaki pembeni ya jukwaa, kama mtunza nguo.

Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima na bado roho yangu ilipanda naye. Futi nane, nguo za bendera, kinyago cheusi kinachocheka. Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Alizunguka mara moja, akawainamia wageni, akaruka mguu mmoja mara sita. Sita! Halafu akaja kwenye gari. Akanyanyua mti wa kulia, akauvusha juu ya boneti, akautua upande wa pili. Uwanja ukanyamaza. Akabaki gari likiwa katikati ya miti yake, akauvuta ule wa kushoto nao ukavuka. Nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya watu maelfu wakipumua. Ismaili alikuwa anarukaruka kama mtoto.

Akazunguka tena. Ismaili akamwonyesha vidole viwili, mara ya pili, mpiga picha hakuwa tayari. Wakati anageuka niliona suruali inajikunja chini ya goti la kushoto. Halafu akaanguka.

Alianguka upande wa gari. Kichwa kilisalimika, kinyago kilipasuka vipande viwili. Mguu wa kushoto ulibaki umefungwa nyayoni tu, ukiwa umegeukia mahali usipopaswa. Ngoma ziliendelea kidogo kwa sababu wapigaji wa nyuma hawakuona. Siwezi zaidi.

Ijumaa, 10 Desemba

Yuko hospitali. Yu hai.

Jumapili, 12 Desemba

Nimerudi kijijini. Watu waliokuwa wamekaa chini ya paa la ghala waliponiona walinyamaza. Mzee Selemani aliniita pembeni, kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Amekwenda hospitali. Nyonga imevunjika na paja. Kasiani atatembea kwa fimbo, milonjo hatapanda tena. Kwa desturi alimwuliza nani alimfunga. Kasiani amejibu: Jasinto.

Jumatatu, 13 Desemba

Mimi! Mimi ambaye alinitazama. Wapiga ngoma walikuwa uwanjani, hawakuona kilichofanyika nyuma ya jukwaa. Ismaili ameshaandika ripoti yake na nailoni haimo. Shabani anafungua duka, anafunga duka, hanitazami usoni. Na mimi mwenyewe kwa aibu zangu sikumwambia mtu hata mmoja kwamba niliacha kamba tarehe saba Novemba, na kijiji kizima kiliniona juu ya lori nikimfuata "mtu wangu". Nimejichimbia shimo, yeye amenisukuma.

Wazee watakaa Jumapili. Anguko lazima liwe na mwenyewe, la sivyo ngoma haichezwi tena. Mfungaji akipatikana na kosa haruhusiwi kushika kamba maisha yake yote, wala kusogea karibu na wachezaji. Nitakuwa nani hapa? Mkimbizi mmoja mzee mzee anayeokota korosho.

Hapana. Nitasema yote. Nailoni, nyuma ya ghala, pilau, kila kitu. Shabani hawezi kudanganya mbele ya mjomba wake.

Jumatano, 15 Desemba

Lucinda amekuja, safari hii mikono mitupu. Amepiga magoti mlangoni kwangu, dada yangu, niliyembeba mgongoni kuvuka mto. Anasema mambo ya wanaume hayajui, ila ikijulikana mume wake alimwacha mfungaji wake akafungwa na mwingine, hakuna atakayemletea hata maji ya kunywa, na yeye sasa hawezi kujichotea. Mchezaji aliyeangushwa na kosa la mfungaji watu humhurumia. Anaomba ninyamaze.

Nikamwuliza, "Na mimi, Lucinda?"

Akasema, "Wewe una miguu, kaka."

Nilifunga mlango.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimekwenda hospitali kwa lori la asubuhi. Nilitaka aniangalie usoni arudie.

Amekonda. Mguu umetundikwa, umetiwa plasta mpaka kiunoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu toka Kilambo, nikayamwaga yote, nikiwa nimesimama kando ya kitanda, wagonjwa wengine wakisikiliza. Nikamwambia amenisaliti mara tatu: nyuma ya ghala, kichanjani, na sasa kwa ulimi.

Alisubiri nimalize. Akasema ya ghala ni kweli, ya kichanja ni kweli, alikuwa na tamaa na Dar es Salaam, akaona aibu kuniambia. Halafu akasema:

"Lakini nilikuona. Hatua kumi toka kwenye gari, shati lako la kijani. Kamba nilihisi inateleza toka mzunguko wa kwanza. Nikasema Jasinto yupo, ikifika mbaya ataniita. Nikaendelea."

Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Uwanja mzima nilikuwa nakusikiliza wewe."

Nimerudi na lori la jioni. Ninayafungua tena maandishi yangu ya tarehe tisa. Nimeandika niliona suruali inajikunja, halafu akaanguka. Ni uongo. Niliona suruali inajikunja, na palikuwa na nafasi. Alipiga hatua nne kabla ya kuanguka. Nilizihesabu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa mazoea, neno liko kwenye ulimi, na mabega ya wapiga ngoma yalikuwa pale, mkono mmoja tu kutoka kwake. Nikaufunga mdomo. Nilisema moyoni, mwache Shabani amwite. Nilitaka ayumbe kidogo, watu wacheke, ajue. Sikutaka avunjike, naapa, nilitaka ayumbe tu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilitaka kumwita.

Ndiyo maana alinitaja. Hakumtaja Shabani kwa sababu Shabani hakujua kinachotokea. Mimi nilijua.

Jumamosi, 18 Desemba

Mvua kutwa.

Jumapili, 19 Desemba

Wazee wamekaa nyuma ya ghala, ndani ya uzio wa makuti. Mzee Selemani akaeleza, akageuka kwangu akaniuliza kama mimi ndiye niliyemfunga Kasiani siku ya tarehe tisa. Shabani alikuwa ameketi mwisho wa mstari, jasho linamtoka. Nikimtazama tu angesema kila kitu, nilijua, alikuwa anasubiri nimtazame.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Mzee Selemani akauliza kama nina neno la kujitetea. Nikasema sina. Wakanitoa kwenye kamba. Hawakunitukana, mmoja alinishika bega.

Lucinda alikuwa amesimama nje ya uzio, kwenye mvua, mahali ambapo wanawake hujifanya hawasikii. Nilipopita alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema asante, kaka, umemwokoa mume wangu. Nikamwacha aseme hivyo.